Hodi Kwenye Klani



Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili, vijana wawili wa parokia ninapofanyia mwaka wangu wa kichungaji walinifuata nyuma ya sakristia, simu mkononi. Wana klani yao ya Clash of Clans. Ilianza kama utani kati ya wanakwaya watano, sasa ina watu hadi wa mikoa mingine ambao hawajawahi kuonana nao uso kwa uso. Walikuwa na orodha ya majina kumi na moja. "Frateri, hawa hawachezi. Tunawatoa leo ili tupate nafasi ya watu wapya. Tunaomba baraka tu."

Nilicheka, kisha nikawaomba wasubiri kidogo. Orodha ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, na kuna jina moja lililokuwamo ambalo hadi leo linanisumbua. Makala hii ndiyo jibu nililowaahidi. Ni ndefu kuliko walivyotaka, wanisamehe. Ukimkalisha mtu miaka mitatu kwenye falsafa, usitegemee akujibu ndiyo au hapana.

Kwa wasioujua mchezo huu: Clash of Clans ulitoka mwaka 2012, umetengenezwa na kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland. Kila mchezaji anajenga kijiji chake mwenyewe, lakini kuna vita ambavyo mnapigana kama klani, na klani moja haizidi watu 50. Kuna Kiongozi, Viongozi Wasaidizi, Wazee (ndiyo, wanaitwa hivyo, hata kama mzee mwenyewe yuko kidato cha pili) na wanachama wa kawaida. Wanachama wanachangiana askari, na mchezo unaandika kila mmoja ametoa wangapi na amepokea wangapi. Kiongozi ndiye anayechagua mlango uweje: wazi kwa yeyote, wa kuomba na kukubaliwa, au uliofungwa kabisa.

Sasa kisa changu. Nilipomaliza kidato cha sita, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo, niliongoza klani ya watu arobaini na kitu. Mlango niliuacha wazi muda wote, kwa sababu nilitaka tujae haraka. Na kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua orodha ya michango: ambaye hajachangia askari kwa siku saba, nje. Nilijiona kiongozi makini kweli kweli.

Kuna dogo mmoja aliingia, akakaa kama wiki tatu. Alikuwa na maswali mengi. Ukuta unaimarishwaje, kwa nini kijiji chake kinavamiwa usiku, askari gani anafaa kuanza naye. Watu wakamwita nubu, wakacheka, maongezi yakaendelea. Mimi nilimjibu mara moja au mbili, baadaye nikaacha. Kisha akapotea siku tisa. Ukimtoa mtu, mchezo unakupa nafasi ya kumwandikia ujumbe wa kumweleza sababu. Sikuandika kitu. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Miaka miwili baadaye, kwenye kongamano la vijana, tulikuwa kwenye foleni ya chakula tunapiga stori za magemu. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akataja jina la klani yangu. Ndiye yeye. Akanisimulia bila hasira hata kidogo kwamba ile simu ilikuwa ya dada yake, na dada alikuwa amerudi chuoni. Alipokuja kupata simu ya kuazima na kufungua akaunti yake, akakuta hayumo. "Nilijua tu ni yale maswali," akasema. "Nilijisemea, yule kaka nimemchosha." Aliomba kuingia tena mara mbili, akakataliwa mara zote mbili.

Mimi sikumbuki hata kuyaona hayo maombi. Ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Kama ningekuwa nimemkataa kwa sababu, hata sababu mbaya, ningekuwa na kitu cha kumwomba radhi. Lakini alibisha hodi mara mbili, na mwenye nyumba alikuwa anafuta majina kama anayefuta ubao.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ya kuchunguza makundi mengine ya wachezaji yanapokeaje watu. Kundi lililonifundisha zaidi linaitwa Starlight, la wachezaji wa World of Warcraft huko Ulaya. Wengi mmelisikia kupitia ile filamu ya mwaka 2024 juu ya Mats Steen, kijana wa Norway. Mats alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, akaishia kwenye kiti cha magurudumu akiwa bado mtoto. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Katika miaka kumi ya mwisho alicheza kati ya saa 15,000 na 20,000, na wazazi wake waliumia wakiamini kwamba mtoto wao ameondoka duniani bila kuwa na rafiki. Baba yake akaandika taarifa ya kifo kwenye blogu ya Mats, basi. Zikaanza kumiminika barua pepe kutoka nchi mbalimbali, za watu waliomjua kwa jina la mhusika wake, Ibelin. Baadhi yao walisafiri hadi Norway kumzika. Mmoja wa walioguswa naye ni mama ambaye alikuwa ameshindwa kuelewana na mtoto wake. Mats alimshauri amfuate mtoto kule kwenye mchezo, wakutane huko.

Filamu yenyewe mkaitazame. Ninachotaka mkione hapa ni kitu ambacho watu wengi wanakipita: namna Starlight inavyoingiza watu. Kundi lile halikuwa kubwa, watu kama thelathini tu. Huwezi kuingia bila kupendekezwa na mtu aliyemo, na ukishapendekezwa unakaa kwenye majaribio ya mwezi mmoja hadi miwili.

Mara ya kwanza niliposikia masharti hayo nilisema hawa jamaa wanajisikia. Mchezo tu, mnawekeana majaribio kama ajira? Lakini nilipoyalinganisha na klani yangu nikaona aibu. Kwangu mtu aliingia kwa sekunde mbili na akatoka kwa sekunde mbili, na katikati hapakuwa na mtu yeyote wa kumjua. Kwao, hakuna anayeingia bila angalau mtu mmoja kusema "huyu namfahamu". Nadhani hapo ndipo penye siri. Ukishampendekeza mtu, umebeba deni lake. Akikosea utaulizwa wewe. Akinyamaza wiki nzima, wewe ndiye utakayejiuliza yuko wapi. Yule dogo wangu hakuwa na mtu wa aina hiyo. Watu arobaini walikuwa wanaona maswali yake, na kila mmoja alidhani mwingine atajibu.

Sisi Wakatoliki jambo hili halipaswi kutushangaza. Mkatekumeni haingii peke yake, ana msimamizi. Na Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana walijua alikotoka. Aliyevunja ile hofu alikuwa Barnaba: alimchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza habari zake (Mdo 9:26-27).

Lakini mwalimu mkubwa wa somo hili, kwa maoni yangu, ni Mtakatifu Benedikto. Mliowahi kulala nyumba ya wageni pale Peramiho, Ndanda au Hanga mnaujua ule ukarimu wa wanae. Katika Kanuni yake, aliyoiandika karne ya 6, kuna sura mbili ambazo ukizisoma haraka unadhani zinapingana. Sura ya 53 inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Sura ya 58 inasema anayetaka kuwa mtawa asirahisishiwe kuingia: aachwe abishe hodi siku nne au tano, apimwe kama ana uvumilivu. Akiingia, asomewe Kanuni nzima baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita mingine, tena baada ya minne, na kila mara aambiwe wazi kwamba yuko huru kuondoka.

Je, Benedikto anajichanganya? Hapana. Anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya: kusalimiwa na kuwa mwanachama. Salamu haina masharti. Kwenye sura ya 66 anataka mlangoni akae mzee mwenye busara, na anaongeza (hapa huwa natabasamu) kwamba awe ameshakomaa kiasi cha kutozurura. Mtu akibisha tu, mzee huyo amwitikie papo hapo kwa kumshukuru Mungu. Uanachama ndio unaochukua muda. Na wakati mnovisi anapimwa, haachwi peke yake. Anawekewa mtawa mkubwa mwenye kipaji cha kuvuta roho za watu, amwangalie kwa makini.

Klani nyingi za vijana wetu zinafanya kinyume chake kabisa: uanachama wa haraka, salamu hakuna. Mtu anaomba, anakubaliwa, anaandika "mambo vipi wakuu", na chini yake kuna kimya cha saa sita hadi mtu mwingine aombe askari. Hebu jiweke kwenye nafasi yake.

Kwa hiyo vijana wangu wa parokia niliwaambia waanze na mlinda mlango. Asiwe lazima yule anayecheza vizuri kuliko wote. Mchezaji hodari mara nyingi hana uvumilivu na maswali ya ukuta. Atafutwe yule ambaye hata kwenye kwaya ndiye anayemwona mtu mpya kabla ya wengine. Kazi yake iwe kujibu ile salamu ya kwanza na kumkabidhi mgeni kwa mtu mmoja anayetajwa kwa jina: "Kwa wiki tatu hizi ukikwama muulize fulani." Ukisema "tuulize sisi wote", umemwambia asimuulize yeyote.

Halafu kuna suala la jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu tunautumia kumkumbusha mgeni kwamba amekaa sana. Lakini tazama upande wa pili: mtu akishapewa jembe amekuwa wa nyumba hiyo, ana mstari wake shambani. Mgeni kwenye klani naye apewe kazi ndogo anayoiweza. Hata kijiji kidogo kina askari wa kuchangia. Kwenye vita apewe shabaha ya kiwango chake, na mtu amwoneshe kabla hajashambulia, sio kumcheka akishashindwa. Kosa langu lilikuwa mara mbili: nilimdai yule dogo mazao kabla sijamwonesha shamba, na yale maswali yake, ambayo yalikuwa ndiyo kulima kwenyewe, sikuyahesabu kwa sababu mchezo hauna safu ya kuyaandika.

Najua pingamizi linalokuja, na mmoja wa wale vijana alilitoa: "Frateri, tukikaribisha sana tutaingiza matapeli na wapelelezi." Ni kweli, hatari ipo. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa EVE Online, mchezo wa anga za mbali uliotengenezwa Iceland na kuanza mwaka 2003. Huko kulikuwa na muungano wenye nguvu kubwa uitwao Band of Brothers. Februari 2009 muungano huo ulivunjwa kwa siku moja, jina likafutwa, himaya waliyoijenga kwa miaka ikabaki wazi kwa adui. Aliyefanya hivyo hakuwa mgeni aliyeingia juzi. Alikuwa mkurugenzi wa ndani, aliyechoka na wenzake akahamia upande wa mahasimu wao Goonswarm, na alitumia mamlaka aliyokabidhiwa na wenyewe. Katika mchezo huohuo kuna EVE University, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya kupokea na kufundisha wanaoanza, na ipo mpaka leo. Basi tofautisheni kiti na ufunguo. Kiti mpeni mgeni mapema. Ufunguo, yaani cheo cha Mzee au Kiongozi Msaidizi chenye uwezo wa kutoa watu, subirini. Msimpe mtu cheo kwa sababu amewabeba kwenye vita viwili.

Kusubiri huko kuna hekima ya kale. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili kwa Nikomako, anasema urafiki mwingine unasimama juu ya manufaa, mwingine juu ya raha, na ulio kamili unasimama juu ya wema. Na kwamba huo wa mwisho unahitaji muda, watu wale chumvi pamoja kwanza. Urafiki wa klani karibu wote unaanza kwa manufaa na raha, nipe askari nikupe askari. Sioni aibu hapo. Hata urafiki wangu na padre aliyenilea ulianza kwa sababu alikuwa na mpira. Majaribio ya mwezi mmoja au miwili yanaupa urafiki huo nafasi ya kukua. Na msisahau kwamba mgeni naye anawajaribu ninyi.

Niseme jambo moja bila kuzunguka, hasa kwa klani zenye watoto na watu wazima pamoja. Mtu mzima asimfuate mtoto kwa ujumbe wa pembeni. Mazungumzo yabaki mahali ambapo wengine wanaona. Asiyejulikana akiomba picha, namba ya simu, nywila ya akaunti au hela ya bando, kiongozi aambiwe siku hiyohiyo, na mtoto amwambie mzazi au mlezi. Mtu wa namna hiyo hatuhitaji kumpa siku saba. Atolewe hapo hapo, na viongozi wahifadhi ushahidi wa alichoandika. Kumpokea mgeni kunaenda pamoja na kuwalinda walioko ndani.

Tukirudi kwenye wale kumi na moja. Sisemi kutoa watu ni dhambi. Nafasi ni 50, na klani yenye majina ishirini yaliyolala inawanyima wengine. Lakini namba ya askari waliochangiwa inakwambia mtu hakuwepo, haikwambii kwa nini. Mats alikaa muda mrefu bila kuwaambia wenzake kwamba anaumwa. Kwetu huku sababu ni za kawaida zaidi: bando, mitihani, simu ya familia nzima, umeme. Nimewashauri hivi. Kila jina lipewe mtu wa kulitafuta, ikiwezekana yule aliyemleta. Asipopatikana kwa wiki mbili, atolewe, lakini kile kisanduku cha ujumbe kijazwe: nafasi yako tumempa mwingine kwa sasa, ukirudi bisha hodi, umtaje fulani. Na akirudi, apokelewe. Benedikto, ambaye hakuwa mtu wa mchezo, katika sura ya 29 anaruhusu mtawa aliyeondoka kwa kosa lake mwenyewe kupokelewa tena hadi mara tatu, akianzia nafasi ya mwisho. Wakijaa kabisa, wafungue klani ya pili ndogo kwa ajili ya wanaoanza na wasio na muda, kama makundi mengi yanavyofanya, ila viongozi waende kucheza huko pia mara kwa mara. La sivyo itakuwa jalala la watu.

Mkikutana wiki hii, mnaweza kuanza mazungumzo na maswali haya. Nani aliingia kwenye kundi lenu mwezi huu, na kuna anayejua jina lake la ubatizo, au jina lolote zaidi ya lile la kwenye mchezo? Wewe mwenyewe uliingiaje, nani alikujibu kwanza? Kuna mtu mliyemtoa ambaye mngemtafuta kama mngekuwa na namba yake?

Hadi ninapoandika, vijana wangu wameshawafikia saba kati ya wale kumi na moja. Mmoja ameibiwa simu. Wawili wako kwenye mitihani. Mmoja amechoka na mchezo, ameomba atolewe kwa amani. Wawili wameanza kucheza tena. Wa saba alishangaa kuulizwa, akasema alidhani alishatolewa siku nyingi. Wanne bado wanatafutwa.